Jiwe Lililoelea kwa Mawese

Mwaka nilipopata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, sehemu ya kemia na biolojia, baba yangu alikuwa amekaa miaka mitano bila kazi. Kabla ya hapo alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika kiwanda cha kutenganisha shaba na mawe, na kampani ilipopunguza watu, jina lake lilikuwa kwenye orodha iliyobandikwa getini. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alilima mahindi nyuma ya nyumba, alitengeneza viti vya majirani, na alasiri alikaa mlangoni akitazama barabara inayoshuka kwenda sokoni. Mama ndiye aliyetulisha. Aliuza samaki wakavu wa bwawa la Mwadingusha na mafuta ya mawese, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya mawese hata Jumapili kanisani.

Mimi nilitaka kusoma kemia ya madini Lubumbashi. Shuleni tulifundishwa kemia kwa chaki peke yake. Hatukuwa na chupa wala unga wa kuchanganya. Mwalimu alichora chupa ubaoni, akachora na moshi wake, na sisi tukanakili moshi ule kwenye daftari. Nilijua fomula ya malakiti, madini ya shaba, kwa kichwa miaka miwili kabla ya mtu kuniambia kwamba malakiti ndiyo lile jiwe la kijani lililokuwa likizuia mlango wetu usipigwe na upepo.

Karatasi ya gharama za chuo kikuu ililetwa na rafiki yangu aliyekwenda kuulizia kwa ajili yetu wawili. Baba aliisoma, akaigeuza upande wa nyuma ambako hakukuwa na maandishi, akautazama na huo. Kisha akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akatoka. Alirudi wakati wa chakula. Karatasi haikutoka tena mfukoni. Rafiki yangu alipanda basi la Lubumbashi mwezi uliofuata. Nilimsindikiza hadi kituoni, nikamshikia begi, nikacheka naye mpaka basi likageuka kona.

Mwaka mzima baada ya hapo nilikaa mezani pa mama sokoni. Niseme ukweli, nilikuwa na hasira, na hasira ile niliitolea madaftari yangu. Karatasi za kufungia samaki zilipokwisha, nilileta daftari la kemia, nikawa nikichana ukurasa baada ya ukurasa. Mama aliniangalia mara ya kwanza, kisha akaendelea kupanga samaki.

Siku moja alikuja mtawa mmoja wa parokia yetu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, kununua samaki wa jumuiya yao. Nilimfungia wanne. Alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka aliposimama na kuanza kusoma kile kifurushi.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Nilimwambia ni wangu.

"Na hesabu hii ya asidi, ulipata jibu hili wewe mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, ma sœur, kama tunavyowaita watawa. Alikikodolea macho tena. Samaki walikuwa wameanza kulainisha karatasi kwa mafuta yao, na wino ulikuwa ukififia. Akaniambia nisichane tena ukurasa hata mmoja, na Jumatatu saa nane mchana nifike kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa, kile kilichokuwa stoo ya viti. Alimgeukia mama, akaomba ruhusa kwa adabu kama mtu anayeposa. Mama alisema anichukue tu, maana samaki sasa wanajua kemia kuliko yeye.

Katika chumba kile kulikuwa na benchi sita, ubao, na juu ya kabati sanduku dogo jeusi lenye ukubwa wa Biblia, na taa ndogo ya kijani inayopepesa. Ma sœur alinieleza kwamba ndani ya sanduku hilo mna vitabu na masomo ambayo mtu hawezi kuyamaliza maisha yake yote. Yametiwa humo na watu wa mbali ili yatolewe bure. Hayahitaji intaneti. Unawasha simu yako, unaitafutia sanduku, na masomo yanakuja yenyewe, ukitaka unayahifadhi uende nayo nyumbani. Umeme ukikatika, kuna betri ya gari chini ya meza.

Sikumwamini sawasawa. Niliwasha simu, simu iliyopasuka kioo, na mbele yangu ikafunguka orodha. Hesabu, kutoka kujumlisha hadi mambo ambayo sikujua hata yanasomwaje. Fizikia. Magonjwa ya watoto. Kilimo. Sheria. Kemia ya kwanza, ya pili, ya tatu, masomo ya chuo kikuu kabisa, mwalimu akisimama mbele ya ubao akifundisha kwa Kifaransa, taratibu, na ukitaka arudie, anarudia, mara kumi, bila kukukunjia uso. Nilishusha orodha ile kwa kidole na haikufika mwisho. Nakumbuka nilitoa mkono kwenye simu nikauweka mapajani, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akaogopa kugusa vitu.

Sharti la ma sœur lilikuwa moja. Saa kumi na moja, kabla ya kufunga, kila mmoja alisimama na kusema amejifunza nini siku hiyo, kwa maneno ambayo wengine wote wanaweza kuelewa. Kwenye benchi walikuwepo mama mmoja anayesoma ukunga, vijana wawili wachimbaji wa machimbo ya Kamatanda waliokuwa wakijifunza kusoma michoro ya umeme, na fundi cherehani aliyesoma historia kwa kuipenda tu. Wengine walikuja na kuacha. Mimi nilikwenda kila siku isipokuwa siku za soko kubwa. Kwa miezi minne nilimaliza kemia ya kwanza, nikaingia kwenye somo la kusafisha madini, na hapo nikakwama.

Somo lenyewe liliitwa flotasyoni. Mwalimu wa kwenye simu, bwana mwembamba mwenye kipara, alisema kwamba jiwe likisagwa likawa vumbi na kutiwa majini, punje za madini zinaweza kuelea juu ya povu huku mchanga ukizama. Alichora duara, akachora mishale, akasema maneno marefu. Nilisikiliza mara tano. Nilinakili yote. Na saa kumi na moja, nilipoitwa kusimama, nilisema kwamba sijaelewa. Kila mtoto anajua kwamba jiwe huzama.

Jumapili ile, baada ya misa, nilikaa nje chini ya ukuta wa nyumba, nikacheza somo lile mara ya sita. Baba alikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote, akinyoosha waya kwa nyundo. Nyundo ikanyamaza. Nilidhani nimemsumbua, nikapunguza sauti.

"Apana, ongeza," akasema. "Rudisha pale aliposema flottation."

Nikarudisha. Alileta kiti chake karibu, akainamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza habari za redio. Kifaransa cha baba ni cha kiwandani. Darasa la sita la msingi ndilo alilomaliza kabla ya kuingia kazini. Maneno mengi yalimpita. Lakini picha ya mtambo ilipotokea, sanduku la chuma lenye povu linalomwagika ukingoni, alitoa pumzi ambayo sijui alikuwa ameishika tangu lini.

"Njo kazi yangu ile, mama," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Miaka yote ile, minye nilikuwa nasimama paka pale." Ndiyo hiyo kazi yake, na miaka yote alisimama pale tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijua baba alifanya kazi kiwandani, nilijua ovaroli yake, nilijua harufu aliyorudi nayo. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza anafanya nini huko. Na yeye hakuwahi kusema, maana nani angetaka kusikia? Siku ile alisema. Alieleza jinsi alivyotembea kati ya safu za mitambo, usiku na mchana, akitazama povu. Povu likiwa na viputo vikubwa kama mayai, mafuta yamepungua. Povu likiwa dogo na zito kama uji, yamezidi. Alikuwa akilichota kwa kiganja, akalisugua kwa dole gumba, na kwa kulisugua tu akajua shaba imo au haimo. Wahandisi walikuja na vipimo vyao, wakaandika, na mara nyingi walichoandika ndicho alichokuwa amekwisha kuwaambia.

Nikamuuliza mafuta gani.

"Mawese," akasema.

Nilifikiri ananitania. Akaita mama kutoka jikoni awe shahidi. Mama akasema kweli, zamani magari yalikuwa yakipeleka mapipa ya mawese kiwandani, na watu mtaani walisema wazungu wanakula huko ndani kama viwavi. Baba akaeleza: kwa shaba ya kijani, ile ya juu ya ardhi, walitia mawese yaliyochanganywa na magadi na mazuti kidogo, yaani mafuta ya dizeli. Kwa nini yanashika, hakujua. Aliambiwa kiasi cha kutia, akatia, na macho yake yakajifunza mengine.

Hapo mimi nikaona. Niliinua daftari, nikamsomea kwa Kiswahili yale niliyonakili bila kuelewa. Maji hayapendi mafuta. Ndani ya mawese mna asidi ambayo kichwa chake kinashika shaba na mkia wake unakimbia maji. Punje ya shaba ikivishwa mafuta inaogopa maji, inatafuta mahali pakavu, na mahali pakavu pa karibu ni ndani ya kiputo cha hewa. Inakishika, kiputo kinapanda nayo. Mchanga haujavishwa kitu, unabaki chini. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba nimsomee tena ile ya kichwa na mkia. Kisha akageuza kiganja chake cha kulia, akakitazama.

"Kumbe ilikuwa vile," akasema.

Jumamosi iliyofuata alisema tujaribu. Aliokota mawe yenye madoa ya kijani kando ya barabara wanakopita malori, akayalowesha ili vumbi lisipande, akayaponda kwa nyundo juu ya bamba la chuma. Mama alikuwa ametangaza mapema kwamba kinu chake cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, hakitaguswa. Vumbi tulilichuja kwa kipande cha pazia. Mafuta yalitoka kwenye meza ya mama, magadi yalitoka jikoni, mazuti kijiko kimoja tulipewa na jirani mwenye mashine ya kusaga. Tulipasha maji yakawa vuguvugu, tukayamimina katika beseni la plastiki, na baba akaweka chini ya beseni mpira uliotobolewa matundu kwa sindano, upande wa pili ukiwa umefungwa kwenye pampu ya baiskeli. Mimi nilipiga pampu. Yeye alikoroga kwa mwiko wa zamani.

Haikukubali. Viputo vilikuja, lakini juu yake palitokea utando mweupe, mzito, unaoganda vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Kijani hakikupanda. Baba aliongeza mawese, utando ukaongezeka. Aliongeza magadi, hali ikawa ileile. Jasho lilimtoka, na nilimwona akigeuza kichwa kutazama barabarani, asije mtu akamwona mzee mzima akicheza na beseni. Nilitamani nisingecheza somo lile mbele yake.

Mama alikuwa akipita na ndoo. Akasimama, akatia kidole ndani ya ule utando, akausugua.

"Hii iko sawa na kufua kwa dada yangu," akasema. "Kwao beko na maji ya kisima. Unatia sabuni, haileti povu, inaganda paka hivi."

Akaendelea na ndoo yake. Baba akanitazama, nami nikakimbilia daftari, kwa maana nilikumbuka ukurasa wa sabuni. Maji ya kisima kile yana chokaa, na chokaa inaila sabuni. Hapa mawese na magadi vilikuwa vimefanya sabuni, na kitu fulani kilikuwa kikiila. Baba alichukua jiwe mojawapo lililobaki, akalivunja, akaligusa kwa ulimi. Akasema ndiyo, kosa ni lake, haya ni mawe yenye dolomiti, ya jamii ya chokaa. Kiwandani mawe ya namna hii yalipoingia kazi iliharibika hivihivi, na yeye kwa miaka sita amesahau kutazama jiwe kabla ya kulivunja. Na maji tuliyotumia tulikuwa tumeyateka kisimani, kwa sababu ya bombani yalikuwa yamekatika tangu asubuhi.

Tukangoja maji ya bomba. Yalirudi baada ya chakula cha mchana. Kisha baba akaenda mlangoni, akainama, akaliinua lile jiwe la kijani lililozuia mlango wetu. Lilikuwa safi, bila mshipa mweupe hata mmoja. Alikuwa amelileta kutoka mlimani kabla mimi sijazaliwa. Akalipima mkononi kidogo, akalipiga nyundo.

Safari hii alitia mawese kwa matone, akikoroga huku ameinamisha sikio, sijui alikuwa akisikiliza nini. Nilipiga pampu polepole kama alivyoniagiza. Mwanzoni tuliona maji machafu tu. Halafu viputo vikaanza kubadilika. Vya kwanza vilikuwa vyeupe. Vilivyofuata vilikuwa na vumbi kwenye ngozi yao, kama unga uliomwagika juu ya mpira. Halafu, bila kishindo chochote, kijani kikapanda. Kilipanda kutoka chini, kikatanda juu ya maji yote, kijani kilekile cha jiwe, kinang'aa, kinatembea, na kila kiputo kilikuwa kimebeba mgongoni vumbi la mawe. Kikafika ukingoni. Kikamwagika. Baba akaweka sahani, na jiwe la mlango wetu likaingia ndani ya sahani likiwa povu.

Niliacha kupiga pampu bila kujua. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Chini ya beseni mchanga wa kijivu ulitulia peke yake, umeachwa.

Baba alichota povu kwa kiganja, akalisugua kwa dole gumba. Akasema ni nzuri. Neno hilo moja. Lakini nilikuwa nikimtazama usoni, na mtu aliyekuwa akikaa mlangoni miaka sita sikumwona tena pale. Nilimwona mwingine, ambaye mamia ya watu wa kiwandani walikuwa wakilala bila wasiwasi kwa sababu yeye alikuwa macho akitazama povu. Nimeingia makanisa makubwa tangu siku ile, na nimeona bwawa la Mwadingusha milango yake ya maji ikiwa wazi. Sijawahi kusimama tena kama nilivyosimama mbele ya beseni lile.

Jumatatu, saa kumi na moja, nilipoitwa nilieleza flotasyoni kwa maneno ambayo fundi cherehani aliyaelewa. Ma sœur aliuliza nimeyapata wapi. Nilipomwambia, alifunga chumba, akanifuata hadi nyumbani, akamwomba baba aje afundishe kila Jumamosi. Baba alikataa mara mbili. Alisema hana cheti, hana Kifaransa cha kutosha, na shati lake la heshima ni moja. Ma sœur akajibu kwamba chumba kile hakijamwomba mtu cheti tangu kifunguliwe, na hakitaanzia kwake.

Akaenda. Alibeba beseni kichwani mwenyewe, njia nzima. Mimi nilisoma maneno ya kwenye simu, yeye alionyesha kwa mikono, na vijana wa Kamatanda, ambao walikuwa wamebeba mawe yale mgongoni tangu utotoni, walipoona kijani kinapanda waliinuka kwenye benchi. Mmoja alivua kofia. Binamu yangu aliyekuwa akisoma politekniki Lubumbashi alikuja likizo, akakaa nyuma na daftari, na alipoondoka aliniambia kwamba wao huko wameandika flotasyoni mtihanini, hawajaiona kwa macho.

Somo la kwenye sanduku lilimalizika kwa maswali ishirini. Mimi niliyafanya, nikapata kumi na saba. Kisha baba akasema anataka kuyafanya naye. Ma sœur alikaa kati yetu ili nisimsaidie. Nilisoma swali kwa Kiswahili, yeye akajibu, ma sœur akabonyeza. Hakuharakisha. Kwa maswali mengine alifumba macho kwanza, kama anatembea tena kati ya mitambo yake. Alipata kumi na tisa. Swali alilokosa lilikuwa juu ya shaba ya kijani: inaelea kwa dawa gani? Yeye alisema mawese. Jibu la mwalimu lilikuwa dawa nyingine, ya kiwandani, ambayo nayo ni kweli inatumika.

Ma sœur alikasirika kuliko baba. Alisema ataandika barua. Baba akamtuliza.

"Professeur hakukosa, ma sœur. Ni vile tu hajafika huku kwetu."

Sitaki mtu afikiri kwamba milango ilifunguka yenyewe. Karatasi ya kumaliza somo, iliyotoka kwenye sanduku lile, haina muhuri wa Serikali. Niliipeleka mahali pengi, na mahali pengi waliirudisha kabla sijamaliza kusalimia. Mara moja mlinzi aliniuliza kama ni karatasi ya kipaimara. Mwaka ukapita hivyo, nikirudi sokoni asubuhi na kwenye benchi mchana, nikamaliza kemia ya pili na ya tatu.

Kisha kiwanda kidogo kilichofunguliwa nje ya mji kikatafuta msaidizi wa maabara. Tulikuwa saba, na watano walikuwa na shahada. Mhandisi, bwana mpole aliyechoka, hakutuuliza juu ya karatasi. Alitupeleka kwenye mtambo, akasema tangu siku tatu shaba inapotea na hajui kwa nini, kila mmoja atazame aseme. Wenzangu walisema mambo ya maana, ya kipimo cha maji na mwendo wa mashine. Zamu yangu ilipofika nilikunja mkono wa shati, nikachota povu, nikalisugua kwa dole gumba. Lilikuwa jeupe na linaganda.

Nikasema wamebadilisha mawe. Haya mapya yana dolomiti, na inakula mafuta yao. Mhandisi akaniambia nithibitishe. Nikaomba mchanga wa jiwe na tone la asidi. Ulitoa mapovu, na maji yake hayakugeuka kijani. Ingekuwa malakiti peke yake, nayo ingetoa mapovu, lakini maji yangegeuka rangi. Akaita msimamizi wa mawe. Kweli, tangu siku tatu walikuwa wakichukua upande mwingine wa mlima.

"Umesoma wapi?" mhandisi akaniuliza.

Nilitaka kujibu vizuri, kwa adabu, lakini jibu lilikuwa refu mno. Mwishowe nikasema parokiani na nyumbani. Akaandika hivyo hivyo kwenye fomu yake.

Ni mwaka wa nne sasa niko katika maabara ile. Kwenye karatasi zao mimi bado ni msaidizi, na mwenye shahada anayeingia leo anapita juu yangu kesho. Jambo hilo linaniuma na sitasema haliniumi. Lakini asubuhi, sampuli za kwanza zinapoletwa na ninapoinua chupa kuelekea dirishani, bado napata ule woga mzuri wa siku ya kwanza ya sanduku, mkono ukisita kugusa.

Baba hakai tena mlangoni. Alasiri yuko kwenye benchi, na simu yake mwenyewe, na miwani aliyonunuliwa na mama. Flotasyoni ameiacha kwa vijana. Siku hizi anasikiliza masomo juu ya jinsi ardhi ilivyofanyika, na wiki mbili zilizopita alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, akatuita mimi na mama tutoke nje. Alikuwa hajavua kofia. Alisema mwalimu ameeleza kwamba mawe yetu haya, yote yenye shaba, kutoka huku hadi Kolwezi na hadi ng'ambo Zambia, yalitandikwa chini ya maji. Hapa palikuwa bahari. Kabla ya mtu, kabla ya mnyama, kabla ya jani. Bahari ya kina kifupi, ikija na kurudi, ikiacha matope, na matope yakawa mlima.

Baba hajawahi kuona bahari. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Tulisimama uani, sisi watatu, tukatazama upande wa vilima vya Shinkolobwe, mahindi yetu mbele, moshi wa jikoni kwa jirani ukipanda. Mama akauliza kwa sauti ya chini kama maji yalifika hata hapa nyumbani, au yaliishia huko milimani.

"Hata hapa," baba akasema. "Pale unaposimama."

Mama akatazama miguu yake. Akavua sandali moja, kisha ya pili, akabaki amesimama hivyo juu ya udongo mwekundu, bila viatu, mpaka chungu kikaanza kuita jikoni.